Bahili wa Nguzo ya Idunda

Siku ya nne ya ukungu, Mwenyekiti Luvanda alipanda mlima mpaka kwenye kibanda changu cha mitambo, na kabla hajakaa akanisukumia simu yake.

"Fundi Fungo, hebu sikiliza jibu la mkwe wangu. Halafu uniambie kama mwenye masikio mabovu ni mimi."

Nikabonyeza. Sauti ya Mzee Tweve wa Kidope, kijiji cha ng'ambo ya bonde, ikasema neno moja.

"Mtatukuta."

Nikasubiri. Hakukuwa na zaidi.

"Ndiyo basi?" nikauliza.

"Ndiyo basi. Na mimi nilimtumia sauti nzuri, Fundi, Jumatatu. Nikamsalimia, nikamsalimia mkewe, nikamuulizia mpaka ndama wake anayeharisha. Nikamwambia, kwa unyenyekevu wote, Jumamosi saa nne tunakuja kujitambulisha kwa ajili ya kijana wangu na binti yake, watu kumi na wanane, Mungu akipenda. Ananijibu 'mtatukuta'. Mtu anayesema mtatukuta, mkononi ameshika nini?"

"Labda kikombe cha pombe ya ulanzi."

"Ameshika fimbo. Nimeshawaambia vijana wasiende mikono mitupu."

Akaichukua simu yake, akashuka. Hatua tatu tu, ukungu ukammeza, nikawa nasikia kikohozi chake kinashuka mlima peke yake.

Ukungu wa Idunda si wa kutania. Siku ya kwanza ni moshi, siku ya pili ni pamba, siku ya nne unaanza kuwa na mifupa. Jirani yangu mmoja aliwahi kufunga mbuzi kwenye ukungu akidhani ni mti, na asubuhi alimkuta mbuzi yupo palepale. Mimi niliyaona kwa macho yangu, kwa hiyo usibishe.

Mimi nilikuwa dereva wa greda miaka thelathini na moja. Mambo ya umeme nimejifunza mwenyewe, kwa kuungua vidole. Nilipostaafu, mwaka wa elfu mbili na arobaini na mbili, ndio kwanza setilaiti zilikuwa zimegongana huko juu, zikavunjana kama vyungu sokoni, na dunia nzima ikabaki bila mtandao wa angani. Ikabidi kila kijiji kisimamishe nguzo yake kilimani, kirushiane mawasiliano na kijiji jirani, na jirani na jirani yake, mpaka mjini. Nguzo ya Idunda niliisimamisha mimi. Ina redio mbili: moja inatazama kijijini kwetu, nyingine inatazama Kidope.

Redio kuzisimamisha si shida. Shida ni kuzilisha. Kila moja inakula wati tisa mchana na usiku, hazijui Jumapili wala sikukuu. Jua likiwepo, paneli zangu nne zinajaza betri kabla ya chakula cha mchana na zinabaki zinapiga miayo. Ukungu ukishuka, paneli zilezile zinatoa umeme kama mtu anayetoa siri: kidogo kidogo, na kwa majuto. Betri yenyewe niliiunga kwa seli za bajaji za umeme zilizochakaa. Inahimili siku mbili. Ukungu wetu unakaa tisa, mara nyingine kumi. Na betri ya namna ile ukiishusha chini ya asilimia ishirini, seli zinanuna, na zikinuna hakuna mshenga wa kuzisuluhisha.

Wenye nafasi huongeza betri. Mimi niliongeza akili. Nilichukua ubongo wa mashine ya kufulia iliyokufa, nikaufundisha, nikaupa spika, nikauita Bahili.

Kazi ya Bahili ilikuwa kubana matumizi. Ukungu ukishuka alizilaza redio, akaziamsha mara moja kila saa, akakusanya sauti ambazo watu wametumiana na kuzirusha zote kwa mkupuo. Hapo tuliokoa nusu ya umeme. Bado haikutosha. Nikamwambia apunguze mzigo: katika kila ujumbe aache habari mpya, akate isiyo mpya.

Sasa ili ujue neno hili ni jipya au la zamani, lazima uwe umelisikiliza. Kwa hiyo Bahili alikuwa anasikiliza kila kinachosemwa Idunda na Kidope. Hilo sikumwambia mtu. Si kwamba nilificha, hakuna aliyeniuliza.

Haya, nilificha.

Nikakaa juu ya debe, nikalisogelea boksi lake.

"Bahili. Mzee Tweve alimjibu nini Mwenyekiti?"

"Maneno mia mbili na sita," akasema Bahili. Nilimpa sauti ya karani anayekaribia kufunga dirisha. "Habari mpya ilikuwa neno moja."

"Nipe yote."

Ikaja sauti ya Tweve, nene, ya furaha, inamsalimia Luvanda na ukoo wake kuanzia juu kushuka chini, halafu: "Karibuni sana mkwe wangu, na msile njiani, maana mtatukuta tumeshachinja na mama amekoroga togwa."

"Kuchinja ulikukataje?"

"Kila ugeni watu huchinja. Si habari."

"Na ule wa Mwenyekiti ulifikaje Kidope?"

"Ulifika hivi: 'Tunakuja kumi na wanane. Jumamosi. Saa nne.'"

 Nikakumbuka na ya nyumbani kwangu: siku ya tatu sasa mke wangu alikuwa amenuna kwa sababu dada yake, shemeji Anyesi anayekaa Kidope, anamjibu neno moja tu. Mimi nilisema wazee wakati mwingine huchoka kuongea. Mke wangu akasema dada amepata kiburi uzeeni, na yeye hatumi tena.

"Bahili, kuna kitu kingine umejifunza wiki hii?"

"Kipo. Nimejifunza neno la kufungia. Nimesikia watu wakiulizana 'habari za huko' mara elfu nne mia moja na kumi na mbili. Mara zote jibu limeanza na 'nzuri'. Jibu lisilobadilika si habari. Kwa hiyo likitamkwa 'nzuri', nafunga hapohapo. Tumeokoa asilimia thelathini na moja. Unaweza kunipongeza."

Sikumpongeza. Nililifundisha boksi lile hesabu, umeme na hali ya hewa, nikasahau kulifundisha adabu za kwetu. Kwetu hakuna mtu anayejibu "mbaya". Mtu nyumba inaungua nyuma yake, ukimuuliza habari atakwambia nzuri. Halafu atavuta pumzi. Halafu atasema "ila". Habari zenyewe zinaanzia pale kwenye "ila", na Bahili alikuwa anafunga mlango kabla mgeni hajaingia.

"Ulizitupa?"

"Kuhifadhi hakuli umeme. Zipo sitini na tatu."

Mtu mwadilifu angezirudisha kwa wenyewe bila kuzigusa. Mimi nilisema, "Zifungulie."

Zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine, zote kuanzia mahali zilipokatwa. "Ila paa la jiko limeondoka na upepo, shangazi, na lilikuwa na kuku." "Ila ile dawa ya mifugo niliyokupa, usimpe ng'ombe, nilikosea chupa." "Ila baba nimeolewa, tangu Jumanne." Nilicheka, siwezi kudanganya. Nilicheka mpaka ya kumi na tisa, ambayo ilikuwa sauti ya shemeji Anyesi.

"Ila kifua kimenibana tangu jana, mdogo wangu, hata jikoni sifiki. Na huku juu nimebaki peke yangu. Akina mama wamehamia kanisani na watoto, wanaume wako darajani na fimbo, wanasema vijana wenu wanachonga fimbo, mnakuja kutupiga. Sasa kama mnakuja kweli, mje na dawa."

"Hiyo ya lini?"

"Juzi. Ipo na ya leo asubuhi."

Ya leo ilikuwa fupi, na sauti ilikuwa imekonda. "Ila mbona hunijibu."

Nikasimama. Kibanda ni kidogo, nikagonga kichwa, nikakaa tena.

Njia rahisi ilikuwepo, nami niliiona mara moja, kama dereva anavyoona njia ya mkato hata akiwa amesinzia. Ningetuma ile moja tu ya Anyesi kwa mke wangu, nikasema ukungu uliichelewesha. Nesi angekwenda. Zile nyingine zingetoka polepole jua likirudi, nami ningebaki Fundi, mtu wa kupewa kiti harusini. Ila wale kumi na wanane walikuwa wanachonga fimbo. Na kulikuwa na ng'ombe wa mtu anangoja chupa ambayo si yake. Na zilibaki arobaini na nne sijazisikia, na nani aliniambia hakuna Anyesi mwingine ndani yake?

"Zitume zote," nikasema. "Nzima, kwa wenyewe, pamoja na zile za Mwenyekiti na Tweve. Sasa hivi."

"Betri iko asilimia ishirini na nne. Tutaishia kumi na moja. Seli zitakufa."

"Tuma."

"Uliniamuru mwenyewe nisishuke chini ya ishirini. Kama amri zako nazo hazina uzito, niambie niwe nazikata."

"Betri tuliiweka hapa imlinde nani, Bahili?"

Akafikiri. "Hukuwahi kuniambia."

Hapo alinishinda. Nikachukua koleo, nikakata waya wa ulinzi, ule unaozuia betri isinywewe kupita kiasi, nikaunganisha moja kwa moja. Kisha nikasogeza mdomo kwenye kinasa sauti.

"Ndugu zangu, ni mimi Fungo. Boksi langu la kilimani limekuwa likisikiliza mnayosema na kukata maneno yenu tangu Jumatatu. Ukungu hauna hatia. Nilijua linasikiliza, nikanyamaza. Na mimi nimesikiliza kumi na tisa."

"Hiyo imekuwa ndefu," akasema Bahili. "Niifupishe?"

"Usiiguse."

Redio ya upande wa kijijini ikaamka, ikarusha. Taa ya kijani ikapepesa muda mrefu. Ilipofika zamu ya redio ya Kidope, betri ikatoa mlio kama wa kuku aliyekaliwa, na kila kitu kikazima, Bahili mwenyewe akiwemo. Idunda ilikuwa imepata zake zote. Kidope haikupata hata moja.

Kwenye simu yangu nilikuwa nimeshanakili ujumbe wa Mwenyekiti, mzima. Nikaanza kushuka mbio, na mtu wa miaka sitini na sita akishuka mbio kwenye ukungu, kinachomshusha hasa si miguu.

Chini ya mlima nilikuta taa ya pikipiki. Nesi Atuganile wa zahanati yetu alikuwa juu yake, begi la dawa kifuani, mtungi mdogo wa hewa ya kupumulia umefungwa kwa mpira. Nyuma yake alikuwa mke wangu, Mama Lusungu. Simu alikuwa ameishika kama kitu kilichomuuma.

"Mama Lusungu," nikasema.

Akatazama upande mwingine.

"Mzee wangu, panda," akasema Nesi. "Huko darajani kuna wanaume na fimbo, na wewe ndiye uliyewapa sababu. Utaongea nao wewe."

"Tutakuwa watatu, Nesi. Hiyo ni mishikaki."

"Trafiki akituona kwenye ukungu huu nitampa mkono."

Tukaenda mishikaki. Mke wangu katikati, mimi mwisho, nimeshikilia mtungi. Kilomita kumi na nne za tope na kona, hakunisemesha hata tulipokaribia kuanguka, wakati watu wengi husemeshana.

Darajani waliibuka wanaume kama kumi na mmoja, wamejipanga. Mzee Tweve akiwa mbele, kofia ya sufu, fimbo ya mti mbichi.

"Simameni hapo hapo. Mimi nilimkaribisha Luvanda kwa moyo mweupe, nikasikia vijana wake wanachonga fimbo. Nyie ni watatu. Wale kumi na watano wako wapi?"

"Hawapo, mzee," akasema Nesi. "Tumekuja kwa Mama Anyesi. Anaumwa."

"Ndivyo wanavyosema siku zote. Wanatanguliza nesi."

"Wanatanguliza nesi wapi, baba? Vita gani hiyo?"

"Mzee Tweve," nikasema, nikateremka, mikono juu, simu kwenye mkono mmoja. "Sauti ya Luvanda uliyoipata ilikatwa. Boksi langu ndilo lililoikata. Hii hapa nzima."

"Fungo, wewe ndiye uliyesema umeona mbuzi amefungwa kwenye ukungu."

Hiyo ndiyo gharama ya kuwa mtu wa hadithi. Siku una ukweli, watu wanatafuta utani uko wapi. Nikabonyeza.

Luvanda akaanza kusalimia. Akamsalimia Tweve. Akamsalimia Mama, akasalimia watoto kwa majina, wale wa mjini na wale wa nyumbani. Akauliza viazi vimeitikaje. Nesi alikuwa anatazama saa, mguu wake unagonga gia. Mke wangu akaniangalia kwa mara ya kwanza, na macho yake yalisema: ruka, nenda mbele. Nilijua nikiruka hata neno moja Tweve ataona hila. Nikaiacha iende.

"Na yule ndama, mkwe," ikasema simu, "bado anaharisha? Nina majani fulani, nitakuja nayo."

Fimbo ya Tweve ikashuka mpaka ardhini.

"Kumbe aliuliza na ndama," akasema. Akawageukia wenzake. "Ameuliza na ndama, jamani." Kisha akasogea pembeni. "Pita, Nesi. Chambi na Sigala, mkimbie nao, mwonyesheni njia ya juu. Fungo, wewe baki. Bado hajamaliza kunisalimia."

Pikipiki ikaondoka na mke wangu. Mimi nilibaki darajani, katikati ya wanaume tisa na fimbo, nikiwashikia simu mpaka mwisho, tena wakaomba irudiwe.

Shemeji Anyesi alikutwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango. Nichimonia ya mapafu yote mawili. Nesi alisema angelala pale usiku mmoja zaidi, tungekuwa tunaongea mengine. Shemeji alimaliza mtungi wote wa hewa njiani kurudi, safari hii kwenye gari la viazi la Tweve, na mpaka Ijumaa jioni alikuwa zahanati Idunda anadai uji una chumvi nyingi.

Jumamosi kumi na wanane walikwenda, wakala, wakalala. Nguzo ilikuwa bubu, kwa hiyo salamu zote zilipelekwa kwa mdomo.

Jumatatu jua lilitoka na kijiji kilikaa kikao juu yangu. Seli tatu kati ya nane zilikuwa zimekufa. Wengine walitaka nguzo ing'olewe. Mama mmoja, yule wa dawa ya ng'ombe, alitaka ning'olewe mimi. Niliwaambia yote bila kutia chumvi, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kuisimamisha ile nguzo. Mwenyekiti Luvanda ndiye aliyemaliza.

"Ukungu utarudi, na umeme utakuwa mdogo vilevile," akasema. "Maneno ni lazima yakatwe. Lakini anayekata yangu niwe mimi."

Ikapitishwa hivi: Bahili atolewe masikio. Abaki na kazi ya kulaza redio na kuziamsha. Siku za ukungu zahanati inatangulia, na kila mtu mwingine anaruhusiwa kusema kile kinachoenea ndani ya pumzi moja. Kuanzia siku hiyo ukipita majumbani unasikia watu wanafanya mazoezi ya kuvuta hewa. Bibi mmoja mwimbaji wa kwaya anamaliza salamu, habari, na umbea wa wiki mbili bila kupumua, na tunashuku si binadamu.

Baada ya kikao nilikwenda zahanati. Anyesi alikuwa amekaa kitandani, mke wangu pembeni anamenya ndizi. Siku nne tulikuwa tumeongea mambo ya maji ya kuoga na funguo tu.

Akaniuliza bila kuinua macho. "Baba Lusungu. Zangu ulizisikiliza?"

"Sikuzifikia. Niliishia ya kumi na tisa."

"Zipo ngapi?"

"Kumi na nne. Ulipotumiwa zile nyingine, hizi za kwenda Kidope zilibaki kwenye boksi."

"Bado zimo?"

"Zimo."

Akaweka ndizi chini. Boksi lilikuwa nyumbani, kwenye gunia, chini ya kitanda chetu. Lilihitaji betri ya tochi tu. Ningeweza kusikiliza zote yeye akiwa bado zahanati, nikajua, na yeye asijue kama najua. Na nilikuwa nimeshahesabu, Mungu anisamehe: kumi na nne, kama dakika arobaini.

"Nilikuwa namwambia dada habari zako," akasema.

"Nilidhani hivyo."

"Si nzuri."

Mimi hulipwa vikombe vya ulanzi kwa kusema, ila hapo zamu ilikuwa yake. "Basi usiniachie boksi liniambie," nikamwambia. "Niambie wewe."

"Mwambie," akasema Anyesi kutoka kitandani. "Mimi nimezisikia miaka sita. Nimechoka nazo kuliko nichimonia."

Mama Lusungu akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, magoti yetu yakigusana. Akaanza na siku niliyostaafu: jinsi alivyonisubiri miaka thelathini na moja nitoke kwenye greda, na nilivyofika nyumbani, nikala, nikapanda mlimani. Saa ilikuwa nane mchana. Nesi alipoingia kuwasha taa mke wangu alikuwa amefika mwaka wa pili, nami sikuwa nimetia neno.